Muzee wa Magari ya Milango Miwili

Kabla sijamsifu, niseme kwanza kwamba mimi ndiye niliyemharibia jina. Mara nyingi nimejaribu kuandika habari za huyu muzee nikianza na mikono yake, au na sauti yake, au na namna alivyokaa juu ya tairi kama mtu anayengoja misa ianze, na kila mara nimejikuta ninajificha nyuma ya sifa zake. Basi leo naanza na aibu, halafu nitasema yaliyo mazuri.

Garaje yake ilikuwa Ndosho, mtaa wa Goma, ndani ya ua wa mawe ya volkano yaliyopangwa bila sementi, mabati machache juu na mchanga mweusi chini. Hakukuwa na kibao. Sisi vijana tulimwita Muzee, wazee wenzake walimwita Fundi. Ukoo wake sikuwahi kumwuliza. Nilijua tu kwamba ni Munande, kwa sababu kila nati ilipogoma alinung'unika kwa Kinande maneno ambayo alikataa kututafsiria, kisha akafanya ishara ya msalaba kwa mkono uliojaa grisi. Mashati yake yote yalikuwa na alama hiyo: doa moja kifuani, doa moja kila bega. Mama wa nyumbani kwake alikuwa ameshachoka kuyafua.

Wateja wake wakubwa tulikuwa sisi watano, vijana wenye magari ya mbio ya zamani. Najua mtu wa mji mwingine atashangaa. Goma ni mji wa mawe. Mwenye akili hapa hununua gari la jipu, refu, lenye tumbo la juu. Sisi tulinunua magari ya milango miwili, ya chini kama mjusi, yenye usukani upande wa kuume, yaliyotoka Ujapani yakapitia Mombasa na Kampala na mikono ya watu ambao hatutawajua kamwe. Yote yalikuwa yamezaliwa kabla yetu. Kwenye barabara za mtaa tulienda mwendo wa jeneza, tukikwepa kila jiwe, watoto wakitupita kwa miguu huku wakicheka. Lakini Jumapili baada ya misa, tukifika kwenye lami, hakuna aliyecheka tena.

Tuliyapenda kwa sababu hayakutuficha kitu. Gari jipya likiumwa linawasha taa na kunyamaza. Ya kwetu yalisema yenyewe: yalitetemeka, yalinuka, yalipiga kelele mahali palipouma. Kavira, muuguzi aliyekuwa na gari la kijivu, na mwanamke pekee kati yetu, alisema kwamba kutwa nzima anahudumia wagonjwa wanaodanganya kuhusu dawa walizokunywa, na kwamba gari lake lilikuwa mgonjwa wa kwanza mkweli kumpata.

Muzee alitugombeza tangu siku ya kwanza. "Batoto ya leo," alisema, "munaacha gari mupya, munaenda kutafuta mazee yenye magoti inauma. Mazee kwenu haiko?" Lakini alipofungua kapo la gari langu jekundu mara ya kwanza, aliinama juu ya injini kama mtu anayesoma barua. Akavua kofia. "Kuko mutu alifanya hii kazi na moyo yake," akasema, na ndipo nilipojua kwamba yeye naye ni mgonjwa wa ugonjwa wetu.

Yeye mwenyewe hakuwa na gari, na hakulitaka. Alitembea kwa miguu kutoka nyumbani hadi garaje, asubuhi na jioni, akisema pikipiki zinamtikisa figo. Aliogopa mbio. Tulipompakia siku moja kumwonjesha barabara ya Sake, enzi zile ikipitika, alishika mpini wa mlango kwa mikono miwili na kufumba macho. Nilidhani anasali. Baada ya dakika chache akasema, macho bado yamefumbwa, "Troisième yako inalia. Unaisikia? Iko inalia kama mutoto amenyimwa ziwa." Kweli, gia ya tatu ilikuwa na kasoro ambayo mimi mwenye gari sikuwa nimeisikia kwa miezi. Nilipoongeza mwendo kidogo tu, akanigonga paja. "Pole pole, mwana. Mama iko ananingoya nyumbani."

Hakuwa na mashine za kupimia. Alikuwa na kipande cha nondo. Ncha moja aliiweka kwenye motere, injini yenyewe, nyingine sikioni, akasikiliza vile daktari anavyosikiliza kifua. Wakati huo ilikuwa marufuku kusema. Hata muuza karanga aliyepita nje alijua kunyamaza.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha gari la Kavira. Lilikuwa na mlio mdogo, ting, ting, kila lilipogusa jiwe. Tulifungua, tukafunga, tukakaza, mlio ukabaki. Wiki ya pili Muzee akaingia kiti cha nyuma na rozari yake, akatuambia tulisukume gari pole pole mtaani, yeye ndani, Kavira kwenye usukani. Watu walisimama kutazama: vijana wanne wanatoa jasho, muzee amekaa nyuma kama askofu. Mwisho akagonga kioo. Tulipoubomoa mlango wa kushoto, tukakuta kijiko cha chai, kidogo, kimechorwa ua kwenye mkono wake. Sote tukacheka. Yeye hakucheka. Alikiosha kwa petroli, kisha kwa sabuni, akakitundika kwenye msumari. "Kuko mama kule mbali," alisema, "mupaka leo anaulizaka nani alibeba kijiko yake."

Sheria yake ilikuwa moja. Hakugusa gari kama mwenyewe hayupo, na mwenyewe hakuruhusiwa kukaa akitazama. "Gari ni ya nani? Shika spana." Alimfundisha Kavira kubadilisha klachi mpaka akawa anatushinda sote. Mimi nilikuja na glavu. Alizivua mkononi mwangu kidole kimoja kimoja, bila hasira, akaziweka juu ya jiwe. "Na hii utasikia nini?"

Nadhani aliniona mapema. Wenzangu waliyapenda magari. Mimi nilipenda kuonekana ndani ya gari. Nilipenda wasichana wakigeuka njiani, na mjomba wangu, aliyenipa kazi kwenye duka lake la vifaa vya ujenzi, akisema mbele ya wageni, "Ile nyekundu ni ya huyu kijana." Tofauti hiyo ilikuwa ndogo siku za kawaida. Siku moja ikawa kubwa.

Rafiki yangu wa shule alikuwa anaoa binti wa Kibumba, akaniomba gari jekundu limlete bibi harusi kanisani Goma. Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Wiki ileile kanyagio la breki likaanza kuwa laini chini ya mguu wangu. Muzee akaingia chini ya gari, akatoka akiwa amenuna. Mpira unaopeleka mafuta ya breki kwenye gurudumu la mbele ulikuwa umevimba na kupasuka. Alikuwa ameagiza mwingine Kampala, lakini haungefika kabla ya wiki ijayo. Alichukua kipande cha kartoni, akaandika kwa kipande cha makaa USITEMBEZE, akakitundika kwenye usukani.

Ijumaa nilikwenda kumwomba ufunguo. Nilimwambia nataka kulifikisha nyumbani tu, mitaa miwili kutoka pale, nilioshe kwa sababu lilikuwa limejaa vumbi.

"Kuosha tu?"

"Kuosha tu, Muzee."

Aliniangalia. Akafuta ufunguo kwa kitambaa, akanipa. "Na première. Mukono kwa frein à main. Ukifika kwenu, usitoke tena."

Gia ya kwanza, mkono kwenye breki ya mkono: nikamwitikia kwa heshima zote. Kartoni niliitoa kwenye usukani kabla hata sijapita kona ya kwanza.

Jumamosi asubuhi nilipanda Kibumba bila shida, maana ni mlima, na mlimani breki haina kazi nyingi. Nikampakia bibi harusi, gauni lake limejaa gari mpaka nikawa sioni gia. Tukaanza kuteremka. Alikuwa anacheka, anawapungia mkono wakulima wa viazi. Karibu na Munigi nilikanyaga breki na kanyagio likaenda mpaka chini bila kukutana na kitu. Nikakanyaga tena. Nikavuta breki ya mkono, gari likazunguka nyuma. Mbele yetu alikuwa mwanaume mmoja juu ya chukudu, lile gari la mbao la magurudumu mawili, akiteremka na magunia ya kabichi. Alisikia tairi zikilia, akageuza kichwa. Hakuwa na pa kwenda.

Kabichi zilibingirika barabara nzima. Yule papa, kama tunavyowaita akina baba, alikuwa amelala ukingoni, mguu wake umekunjika mahali ambapo mguu haukunjiki. Bibi harusi alitoka, akapiga magoti pale kwenye lami, akakishika kichwa chake na kuita watu. Gauni lake liliingia damu kuanzia magotini. Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya gari nikitazama taa iliyovunjika. Nilikuwa ninawaza wapi nitapata taa kama ile. Hilo sijawahi kumwambia mtu, lakini ndilo nililokuwa ninawaza.

Askari wa barabarani alipofika akauliza, "Frein ilifanya nini?"

"Sijuwe, chef. Gari ilitoka garaje jana."

"Garaje ya nani?"

Nikamtaja. Hakuna neno hata moja katika hayo lililokuwa la uongo, na kwa muda mrefu nilijifariji kwa hilo.

Siku chache baadaye tuliitwa kwa chef de quartier, mkuu wa mtaa wa Ndosho. Mjomba alikuwepo, na ndugu wa yule papa, na baba wa bibi harusi, na Kavira aliyekuja kwa sababu anaelewa mambo ya hospitali. Muzee alikuja na shati safi, la kwanza nililoliona bila msalaba wa grisi. Akakaa kwenye benchi, kofia juu ya goti.

"Muzee," chef alimwuliza, "ile gari ilitoka kwako?"

"Ilitoka kwangu."

"Frein ilikuwa muzima?"

"Ilikuwa mugonjwa."

"Na ufunguo, nani alimupa huyu kijana?"

"Ni mimi nilimupa."

Watu wakaguna. Muzee akageuka akanitazama. Hakunitazama kwa ukali. Alinipa nafasi tu, kama vile mtu anavyosogea kwenye benchi ili mwenzake akae. Mimi niliinama nikaanza kufunga kamba ya kiatu ambayo ilikuwa imefungwa vizuri.

Nilipoinuka alikuwa ameshageukia upande mwingine. "Mguu ya ule papa," alimwuliza ndugu wa mgonjwa, "iko namna gani?"

Hakuulizwa zaidi, na hakusema zaidi. Iliamuliwa kwamba fundi alikosa kwa kutoa gari bovu. Matibabu mjomba aliyashughulikia, na watu wakamsifu kwa wema wake, na mimi nikapewa pole.

Ningeweza kuishia hapo, lakini nilifanya baya zaidi. Wenzangu waliponiuliza, niliguna na kusema, "Muzee amezeeka, macho haioni tena." Nilisema kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyowafanya waamini. Mmoja baada ya mwingine wakapeleka magari yao kwingine. Kavira peke yake alinisimamisha mbele ya kanisa. "Ile kartoni niliiona Alhamisi. Ilikuwa kwa usukani."

"Uliona vibaya."

"Mimi ninasomaka maandishi ya madaktari," akasema. "Ile ilikuwa maandishi makubwa." Tangu siku hiyo hakunisalimia tena.

Baada ya msimu mmoja wa mvua garaje ilifungwa. Nilipita pale nikakuta mama mmoja anauza makaa ndani ya ua. Gari jekundu nililiuza kwa mtu wa Bukavu, nikisema kumbukumbu zake zinaniumiza. Ukweli ni kwamba liliharibika tena, na hakuna fundi mwingine aliyejua kulisikiliza.

Miaka ilipita. Barabara ya Sake ilifungwa na vita, ikafunguka, ikafungwa tena. Nilioa, nikapata binti. Nilikuwa mtu wa heshima, mwenye jipu refu. Kila nilipoona kijana anatambaa na gari la chini kwenye mawe yetu, nilisimama kando kumpisha, kisha nikabaki nimeshika usukani bila kuondoka, mpaka wa nyuma wakapiga honi. Niliwahi kumwambia padri katika kitubio. Akaniuliza kama nimemwambia mwenyewe. Nikabadilisha parokia.

Mwaka huu, Jumanne moja asubuhi, simu ikalia, namba nisiyoijua. Ilikuwa sauti ya Kavira.

"Muzee iko Munigi, pembeni ya moulin. Aliugua, nilimuhudumia. Nenda." Akakata.

Jipu nililiacha nyumbani, sijui kwa nini. Nilichukua pikipiki. Nilikuta kibanda cha mbao ubavuni mwa mashine ya kusaga mahindi, akina mama wamepanga foleni na mabeseni yao, unga mweupe umefunika kila kitu. Mbele ya kibanda magurudumu ya chukudu yamesimamishwa ukutani. Muzee alikuwa amekaa juu ya tairi, mwembamba kuliko zamani, anaingiza beringi kuukuu ya gari katikati ya gurudumu la mbao. Pembeni yake mwanaume wa makamo, mguu mmoja umenyooka juu ya gunia, alikuwa anakata vipande vya mpira kwa kisu. Katikati yao kulikuwa na kiti kidogo kitupu.

Muzee alinitambua mara moja. "Aaah, nyekundu!" akasema, akanipa mkono, kisha akanipa na wa pili. "Uko muzima? Na mama? Na batoto?"

"Tuko wazima, Muzee. Binti mmoja."

"Mungu asifiwe." Akamgeukia mwenzake. "Huyu kijana alikuwaka mteja yangu." Halafu akaniambia, akimwonyesha yule mwenye kisu, "Na huyu ni ule papa tuligonga kwa barabara ya Kibumba."

Tuligonga. Alisema hivyo, bila kukaza neno, kama mtu anayetaja jambo ambalo wanandugu wanalijua wote. Nilimtazama yule papa na sikumtambua. Sikuwahi kwenda hospitali hata siku moja. Mguu haukupona kiasi cha kusukuma chukudu, Muzee akaeleza, basi wakaona watengeneze za wengine. Yeye anajua beringi, mwenzake anajua mbao. Magurudumu yao hayalii, watu wanatoka hadi Kibumba kuyafuata.

"Muzee," nikasema, "nilikuja juu ya ile maneno. Haikuwa weye."

"Nini?"

"Ninasema, ile siku. Haikuwa kosa yako."

Akagusa sikio. "Sema na nguvu, mwana. Moulin iko inakula sauti."

Nilitazama foleni ya akina mama. Nilitazama kisu cha yule papa, kinakata mpira taratibu. Nilikuwa nimejiandaa kusema kwa sauti ya chini, sisi wawili, kama watu wazima. Ningeweza bado kumwambia nimekuja kumsalimia tu, na angefurahi. Neno hilo lilikuwa tayari kwenye ulimi wangu, na nilishalifungulia mdomo.

"ULINIKATAZA!" nikapiga kelele. "Uliandika usitembeze, mimi nikatoa kartoni! Nilikudanganya ninaenda kuosha! Nilikaa kimya kwa chef! Ni mimi niliambia batu kama macho yako imekufa!"

Akina mama waligeuka, mabeseni yao vichwani. Kisu kilisimama. Machozi yalikuwa yananitoka na unga ukanishika usoni.

Muzee aliliweka gurudumu chini. "Ninajua," akasema. Sikumsikia, nilisoma midomo yake.

Yule papa ndiye aliyesema kwa sauti ya kusikika, sauti ya mtu aliyezoea kuishi karibu na mashine. "Mimi sikujua. Huyu muzee alikuyaka hospitali kila siku na uji. Aliniambia, papa, nilitoa ufunguo, unisamehe. Nikamusamehe. Tangu ile wakati tunakula pamoja." Akanipima kuanzia viatu mpaka kichwani. "Weye, ni leo ninakuona."

"Nisamehe, papa."

Muzee akamgusa mwenzake bega. "Mupatie kiti, ndugu. Ametoka mbali."

Yule papa alikitazama kile kiti kwa muda. Akanyoosha mkono, akakivuta kwake, akaushika mguu wake kwa mikono miwili kama mtu anayebeba kitu cha mwingine, akaupandisha juu ya kiti na kuulaza hapo. Kisha akachukua kisu chake akaendelea kukata. Muzee aliinama, akaokota gurudumu lake.

Nilibaki nimesimama.